Shimo Lisilo Shimo: Maana na Chanzo cha Mashimo Meusi

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya metali ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Kipenyo chake kilikuwa mita 2.5 hivi, na uzito wake ulikadiriwa kuwa kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza katika tathmini yake ya awali kwamba kitu hicho kilikuwa sehemu ya roketi, na kwamba vipande vya aina hiyo aghalabu huteketea vinaporejea katika angahewa au huangukia baharini.

Tukio hilo lilizua swali sahili ambalo jibu lake linatufikisha mbali kuliko Mukuku: kwa nini kitu kilichokwisha kurushwa juu kikarudi chini? Jibu limo katika mwendo. Kitu kinachoizunguka dunia juu kidogo ya angahewa huhitaji mwendo wa takriban kilomita 8 kwa sekunde. Hewa nyembamba iliyoko huko inapokipunguzia mwendo huo kidogo kidogo, hushuka. Nacho kitu kinachonuia kuiaga dunia moja kwa moja, kisirejee, huhitaji kilomita 11.2 kwa sekunde. Jiwe litupwalo na mvulana aliyesimama juu ya mwamba wa Nzambani, kule Kitui, halikaribii hata chembe ya mwendo huo, na ndiyo sababu hurudi.

Mwendo huu wa kuaga ndio ufunguo wa mada ya makala haya. Hutegemea mambo mawili: tungamo la gimba lenyewe, yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake, na umbali kati ya uso wa gimba na kitovu chake. Katika uso wa jua, mwendo wa kuaga ni kilomita 618 kwa sekunde. Sasa na ichukuliwe kwamba dunia nzima, pamoja na milima na bahari zake, imeshindiliwa bila kupotezwa hata punje moja, mpaka ikawa tufe lenye nusukipenyo cha milimita 9, yaani kubwa kama gololi ya mtoto. Mwendo wa kuiaga gololi hiyo ungelingana na mwendo wa nuru, ambao ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa kuwa hakuna kitu kinachoweza kuishinda nuru kwa mwendo, hakuna ambacho kingeweza kutoka humo. Gimba la namna hiyo ndilo liitwalo shimo jeusi. Jua nalo lingelazimika kushindiliwa hadi nusukipenyo cha kilomita 3. Lingetoshea ndani ya Kaunti ya Makueni na nafasi tele ikabaki.

Wazo hili si geni. Kasisi Mwingereza John Michell alilidokeza mwaka wa 1783 kwa kutumia fizikia ya Newton. Mwaka wa 1916, miezi michache baada ya Einstein kukamilisha nadharia yake ya uvutano, Mjerumani Karl Schwarzschild alipata hesabu inayoonyesha ulipo mpaka ambao kitu kikishauvuka hakirudi.

Utata wa istilahi

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kulitazama jina hili kwa makini, kwani ndilo linalopotosha watu wengi. Katika Kitui na Makueni, neno shimo lina maana inayoeleweka hata na mtoto mdogo. Kiangazi kinapokaza na mito ya msimu kama Tiva na Thwake kukauka, watu huchimba mashimo katika mchanga wa mto na kuteka maji yaliyojificha chini. Shimo la aina hiyo ni mahali palipoondolewa kitu. Lina mdomo, lina kingo, lina kina, na zaidi ya yote, lina kitu kinachotolewa ndani yake.

Shimo jeusi ni kinyume cha hayo yote. Hapakuondolewa kitu, pamerundikwa maada nyingi kupita kiasi mahali padogo kupita kiasi. Halina mdomo, kwani linaweza kuingiwa kutoka upande wowote, juu, chini na ubavuni, kama tufe. Wala hakitekwi kitu humo. Hata kivumishi chake kina walakini: weusi ni sifa ya uso unaoonekana, kama weusi wa chungu, ilhali hapa hapana uso wowote wa kutazamwa. Kilichopo ni ule mpaka tu, ambao wanafizikia huufananisha na upeo wa macho, kwa maana yaliyo nyuma yake hayaonekani.

Wapo wanaopendelea kusema tundu jeusi. Istilahi hiyo yamkini huongeza tatizo badala ya kulipunguza, kwa sababu tundu ni uwazi unaopenya. Mtu akichungulia kwenye tundu la ukuta hutarajia kuona upande wa pili. Hakuna ushahidi wowote kwamba shimo jeusi lina upande wa pili. Shimo, pamoja na kasoro zake, ni afadhali, na tayari limeshika mizizi katika magazeti na madarasani. Linalohitajika ni mwalimu anayelifundisha aeleze kwamba ni sitiari, na aonyeshe pale ambapo sitiari hiyo inakomea.

Kosa jingine la lugha ni kusema kuwa mashimo meusi hunyonya kila kitu kilichoko angani. Kitenzi hicho hakifai. Lau jua lingebadilishwa ghafla na shimo jeusi lenye tungamo lile lile, dunia ingeendelea kulizunguka kwa siku 365 na ushei kama kawaida, ingawa katika giza na baridi ya kutisha. Uvutano wa mbali haubadiliki. Mambo hugeuka pale tu kitu kinapokaribia mno.

Jinsi mashimo meusi yanavyozaliwa

Nyota ni tufe la gesi linalovutana lenyewe kwa lenyewe. Uvutano huibana kuelekea kitovuni bila kukoma, lakini joto linalotokana na kuungana kwa viini vya haidrojeni na kufanya heli husukuma nje. Mlingano huo unafanana na sufuria ya muthokoi iliyo mekoni: mvuke huinua mfuniko, uzito huurudisha chini, na moto ukizimika mfuniko hutulia. Tofauti ni kwamba mfuniko wa nyota ni nyota yenyewe.

Mwisho wa nyota hutegemea ukubwa wake. Jua letu limewaka kwa takriban miaka bilioni 4.6 na lina kuni za miaka bilioni 5 hivi zaidi. Litakapomaliza, litaacha kibete cheupe kinachopoa polepole. Halitakuwa shimo jeusi kamwe, kwa kuwa tungamo lake ni dogo mno. Nyota kubwa sana, hasa zilizozaliwa na tungamo la zaidi ya majua 20, huwa na hatima nyingine. Zina kuni nyingi lakini huziteketeza kwa pupa, na humaliza uhai wake katika miaka milioni kadhaa tu. Haidrojeni ikiisha kitovuni, huchomwa heli, kisha kaboni, oksijeni na silikoni, mpaka kitovu kinapojaa chuma, madini yale yale ya jembe na panga. Hapo ndipo safari inapogota. Kuunganisha viini vya chuma hakuzai nishati, bali huila. Moto umezimika, na uvutano haujachoka. Kitovu huporomoka katika muda usiofika sekunde moja. Mara nyingi tabaka za nje hulipuka kwa mwangaza wa ajabu uitwao supanova. Nyakati nyingine nyota hudhaniwa kuporomoka kimya kimya bila mlipuko mkubwa.

Kitovu kilichosalia kikiwa na tungamo lisilozidi sana majua mawili, nyutroni zake huweza kuuhimili uvutano na nyota ya nyutroni huzaliwa. Kikizidi kiwango hicho kwa mbali, hakuna nguvu inayojulikana inayoweza kukizuia. Kinazidi kuporomoka hadi kupita ule mpaka wa Schwarzschild, na shimo jeusi limezaliwa. Hesabu husema maada yote huishia katika nukta yenye msongamano usio na kikomo. Wanafizikia wengi huichukulia kauli hiyo kuwa dalili kwamba nadharia yenyewe haijakamilika.

Yapo pia mashimo makubwa kupindukia katika vitovu vya galaksi. Lililo katikati ya galaksi yetu lina tungamo la majua milioni 4 hivi, na taswira yake ilitangazwa tarehe 12 Mei 2022. Namna mashimo ya ukubwa huo yalivyoanza bado ni mjadala.

Uhuru angani

Kisichotoa nuru hugunduliwaje? Shimo jeusi likiwa na nyota jirani, gesi ya nyota hiyo hulizunguka kabla ya kutumbukia, hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei. Eksirei hizo haziwezi kupenya angahewa, kwa hiyo sharti zipokelewe juu yake.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililokuwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mahali hapo palifaa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo kwa niaba ya Wamarekani, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Kundi la Riccardo Giacconi, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002, liligundua kwamba eksirei za Cygnus X-1 hubadilika katika sehemu ndogo ya sekunde. Basi chanzo chake kilikuwa kidogo mno. Wanaastronomia wengine wakabaini kuwa kitu hicho na nyota kubwa jirani yake huzungukana kwa siku 5.6. Hilo ndilo lililokuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi la kwanza kutambuliwa. Vipimo vilivyotolewa mwaka wa 2021 vililipa tungamo la majua 21 na umbali wa miaka ya nuru 7,200.

Orodha ya nne ya setilaiti hiyo, iliyochapishwa mwaka wa 1978, ina vyanzo 339, na kila kimoja kina herufi U katika jina lake. Cygnus X-1 ni 4U 1956+35. Herufi hiyo ni ya neno la Kiswahili, na wanaastronomia wa mataifa yote wangali wanaiandika. Katikati ya Septemba, mnamo saa tatu usiku, kundi la Cygnus, yaani Bata Maji, huwa juu kaskazini kwa atazamaye kutoka Mutomo au Kibwezi. Nyota jirani ya shimo hilo haionekani kwa macho matupu, ila darubini ndogo yatosha.