Mlolongo Mrefu Ulioshindwa na Mfupi

Mwaka 1988 wanachama wa chama cha KANU nchini Kenya waliwateua wagombea ubunge kwa kupanga mstari. Unasimama nyuma ya unayemtaka, au wakala aliyeshika picha yake, mnahesabiwa mchana kweupe. Watetezi wa mlolongo walisema hakuna uwazi kuliko huo.

Uwazi ulikuwepo, tena wa kupindukia: chifu anakuona umesimama wapi, mwajiri wako pia. Kasoro hiyo husemwa sana. Mimi naona nyingine ni nzito zaidi. Mstari ukishatawanyika, ushahidi wote umekwenda nyumbani kupika. Msimamizi akitangaza kwamba mstari mfupi ndio ulioshinda, na yalitokea hayo, utamtaka ahesabu upya nini? Isitoshe, aliyepata asilimia 70 kwenye uteuzi alipita bila kupingwa. Kura ya siri ya uchaguzi mkuu wa Machi haikumgusa. KANU ikiwa ndiyo chama pekee kisheria, baadhi ya wananchi walipewa mbunge bila kushika karatasi ya kura.

Ndiyo maana wanaofuatilia chaguzi za Kenya leo huanza kukuuliza habari za Fomu 34A. Kura za urais zikishahesabiwa kituoni, fomu hiyo hujazwa, mawakala hutia saini, nakala hubandikwa pale pale. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya kituo ni ya mwisho, makao makuu hayana ruhusa ya kuyarekebisha. Miezi michache baadaye, Septemba 1, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, majaji wanne dhidi ya wawili. Hoja mojawapo: mshindi alitangazwa kabla tume ya uchaguzi haijapokea fomu zote za 34A.

Fomu haizuii kila hila, maana unga na leso zinazogawiwa usiku wa kuamkia kura haziandikwi humo. Lakini inamnyima mwizi nafasi anayoipenda zaidi, ile kati ya kuhesabu na kutangaza.

Mwaka 2022 tume iliweka mtandaoni fomu za vituo zaidi ya 46,000, mwenye simu ajijumlishie. Makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo ya urais, Mahakama ya Juu ililinganisha fomu za mtandaoni na zile halisi, haikukuta tofauti ya maana, na ikayathibitisha kwa kauli moja.