Kiu ya Nikotini Ina Mwisho Wake

Kila mwaka, mwezi wa Ramadhani uandamapo, wavutaji wengi wa Magomeni hufanya jambo ambalo miezi kumi na mmoja huapa kwamba hawaliwezi. Tangu alfajiri hata magharibi hawagusi sigara. Kuli huvuka bonde la Jangwani kwenda Kariakoo kubeba mizigo, fundi hukaa kwenye cherehani yake, dereva hushika usukani katika foleni ya Barabara ya Morogoro, na wote hao hupitisha saa kumi na tatu pasipo moshi. Adhana ya magharibi ikisikika, tende hutangulia na sigara hufuata. Wako ambao hata tende haitangulii.

Twataka kulitazama jambo hili kwa makini, maana ndani yake mna jibu la swali ambalo wafanyakazi wengi hujiuliza: ikiwa naweza kuacha mchana kutwa, mbona siwezi kuacha kabisa? Wengi hujijibu kwamba imani yao ni haba au nia yao ni legevu. Jibu hilo si sahihi, na tena lina madhara, kwa kuwa mtu akishajiona dhaifu haoni sababu ya kujaribu mara ya pili.

Jibu limo katika hesabu ya mwili. Nikotini iliyomo katika tumbaku hufika ubongoni sekunde chache tu baada ya mtu kuvuta. Ubongo ukizoea kuletewa kitu hicho kila mara, huongeza vipokezi vyake, mfano wa nyumba iliyoongeza watu wa kulishwa. Lakini nikotini haikai. Kila baada ya saa mbili hivi, nusu ya ile iliyomo katika damu huwa imeondoka. Basi mfungaji aliyevuta sigara ya mwisho wakati wa daku hufika alasiri akiwa amebakiwa na kidogo mno, na wale wa kulishwa wanalia njaa. Huko ndiko zitokako hasira za saa kumi jioni, kichwa kuuma, na ugomvi wa kituoni usio na mkosaji. Mtaani hali hiyo huitwa arosto. Ni neno tulilolisikia kwanza kwa watumiaji wa unga, wala si kosa kulitumia hapa, kwani mambo haya ni ya ukoo mmoja ijapokuwa ukali wake si sawa.

Arosto ya nikotini huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka, na kwa watu walio wengi huwa imekwisha au imefifia sana baada ya wiki mbili hadi nne. Sasa tazameni afanyavyo mfungaji. Apanda mlima tangu asubuhi, na kabla hajakifikia kilele adhana inalia, naye ateremka kwa njia ile ile aliyopandia. Kesho yake aanza tena chini. Mwezi ukiisha amepanda mara 29 au 30, na upande wa pili wa mlima hajauona hata mara moja. Gharama ya kuacha ameilipa yote. Bidhaa ameiacha dukani.

Hatusemi haya kumbeza mfungaji. Twasema kwamba nguvu anayo, na ameionyesha mbele ya mkewe, watoto wake na msimamizi wake wa kazi. Kinachokosekana ni usiku. Akizivuka siku tatu, mchana na usiku, sehemu iliyo ngumu kupita zote iko nyuma yake.

Siku hizo tatu zapasa kuelezwa jinsi zilivyo. Mtu huwa mwepesi wa hasira. Hatulii mahali pamoja. Akisoma barua ofisini huirudia mara tatu asijue imesema nini. Usingizi humpaa, njaa humwongezeka, tumbo laweza kufunga, na huzuni humjia isiyo na msiba. Wengine hukohoa zaidi wiki za kwanza, wakadhani kuacha ndiko kunakowaua. Hayo yote yana mwisho. Na ile kiu yenyewe haikai saa nzima kama mtu anavyodhani. Huja, hupanda, na baada ya dakika chache hupita, mtu avute asivute. Mwenye kulijua hilo huondoka barazani, akanywa maji, akatia mswaki kinywani, akazunguka mtaa mpaka Magomeni Mikumi na kurudi. Akirejea huikuta imetulia.

Hapa twaomba kusema neno juu ya kahawa, kwa kuwa katika baraza zetu kahawa na sigara ni ndugu wa tumbo moja. Moshi wa tumbaku huliharakisha ini katika kazi ya kuiondoa kafeini mwilini. Mvutaji aliyezoea vikombe sita kwa hiyo hufaidi sehemu tu ya vikombe hivyo. Siku aachapo moshi, ini hupunguza mwendo, na vikombe vile vile sita vyamwelemea. Moyo waenda mbio, mikono yatetemeka, usingizi hauji. Naye, asijue kisa, asema sigara inamlilia, akaomba pafu moja ili apone. Yafaa apunguze kahawa kwa nusu katika wiki za mwanzo. Jambo hili hatulisikii likisemwa barazani, na pengine limewarudisha wengi kwenye pakiti.

Vijana wa leo wana chombo kingine, sigara ya umeme, ambayo wao huiita vepu. Ilibuniwa huko China mwaka 2003 na mfamasia Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji. Haichomi tumbaku, hupasha moto maji yenye nikotini yakawa mvuke, na mvuke huo hauna sumu nyingi zilizomo katika moshi. Hayo ni kweli na hatuyafichi. Lakini nikotini ni ile ile, na utumwa ni ule ule. Ubaya wake ni mmoja ambao sigara haina: sigara huisha. Mtu huvuta, hufika kwenye kichungi, hutupa. Vepu haina mahali pa kutupa. Kijana hukaa nayo mkononi tangu aamkapo, pafu moja hapa, mawili pale, hata asiweze kusema ametumia kiasi gani. Baadhi ya hizo zina miligramu 50 za nikotini katika kila mililita. Mwenye kuacha hushauriwa ateremke ngazi kwa ngazi, kutoka maji makali hadi mepesi, huku akiongeza muda kati ya pafu na pafu; au aweke siku moja ya kukata, akijua siku ya pili na ya tatu zitakuwaje. Na asidanganywe kwamba ugoro, tumbaku ya kutia chini ya mdomo, au shisha ni mapumziko. Hiyo yote ni nikotini iliyobadili kanzu.

Kuna wanachama watakaotuuliza: je, gazeti la Chama lina haki gani ya kusema hivi? Kiwanda cha sigara cha Barabara ya Nyerere kiliingia katika milki ya umma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hisa zake nyingi ziliuzwa kwa wageni mwaka 1995. Mkulima wa Urambo na wa Chunya husomesha watoto kwa tumbaku. Hazina hupokea kodi yake. Swali ni la haki, na jibu letu si la mkato. Mkulima huyo hatumlaumu, na akitaka kubadili zao yapasa asaidiwe. Lakini nchi yetu iliridhia Mkataba wa Dunia wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007 kwa hiari yake, na mfanyakazi avutaye sigara kumi kwa siku achoma 3,650 kwa mwaka. Kila msomaji azidishe kwa bei ya kibanda cha mtaani kwake, kisha alinganishe na ada, sare na nauli.

Dawa za kusaidia zipo. Shirika la Afya Duniani liliingiza ubani na plasta za nikotini katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini mwaka 2021, na mwaka 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwatibu watu wazima waachao tumbaku. Mwenye kisukari, au anayetumia dawa za maradhi ya akili, amwone tabibu kabla ya kuacha, kwa kuwa kipimo cha dawa chaweza kuhitaji kubadilishwa.

Tangu mwaka 2011, Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni, na baadaye Mwananyamala iliyo jirani yetu, Serikali imemtendea kijana wa unga kama mgonjwa anayetibika. Twaona mvutaji astahili mtazamo huo huo. Wandani wake ndio wamkwamishao zaidi: rafiki amwonaye ananuna siku ya pili akamnyoshea pakiti kwa huruma. Msimamizi wa karakana aweza kumpa ruhusa ya kutoka nje dakika tano. Mke na watoto waambiwe mapema, ili hasira za siku ya pili zisigeuke kesi ya nyumba. Na aliyeteleza akavuta moja asihesabu kwamba amerudi mwanzo. Aitupe pakiti iliyobaki aendelee.

Hata baada ya mwezi, mwili ukiwa umekwisha kutulia, zitabaki zile alama za njiani. Mchuuzi apitaye akichezesha sarafu mkononi, na ile sauti tu yatosha kumfanya mtu apapase mfuko. Kiu ya namna hii hupungua kwa miezi, wala si kwa wiki, na mchuuzi hatuwezi kumwondoa barabarani, kwani naye atafuta riziki.

Lakini liko moja ambalo shina laweza kulifanya bila kungoja bajeti. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Balozi wa nyumba kumi ajua kila kibanda cha eneo lake, na ajua kipi humpa mtoto aliyetumwa sigara mbili na chenji yake. Ajua pia ni mzazi gani amtumaye, na mara nyingine mzazi huyo ana kadi ya Chama. Jambo hilo liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao wa shina, na mzazi huyo awepo.