Maji ya Uzazi Yatokapo Kabla ya Wakati

Mtoto aliye tumboni hukaa ndani ya mfuko wa maji, ambao watu huuita chupa. Maji hayo huzuia kitovu kisibanwe, tena pasipo hayo mapafu ya mtoto hayakui vema. Baada ya mwezi wa tano, sehemu kubwa ya maji ni mkojo wa mtoto mwenyewe, jambo linaloshangaza wengi. Kwa hiyo yakipungua, huenda figo zake zina kasoro, au kondo la nyuma halimlishi vya kutosha, au chupa imetoboka.

Hilo la mwisho ndilo lidanganyalo watu. Si lazima maji yabubujike. Pengine hudondoka kidogo kidogo bila uchungu, na mama hudhani ni mkojo. Mume naye asimwambie angoje uchungu uanze, kwa maana vijidudu vyaweza kupanda hata kwa mtoto, au kitovu kikatangulia. Mama avae kitambaa safi, atazame rangi na harufu, kisha aende hospitali siku ile ile, wala asitiwe kidole wala dawa za miti. Maji yakiwa ya kijani, au akiwa na homa, asikawie hata saa moja.

Mimba isipotimia majuma 37, daktari humpa dawa ya kuua vijidudu, kwa kawaida siku 10. Ikiwa chini ya majuma 34, hupigwa pia sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, nazo hufaa zaidi zikitangulia kuzaliwa kwa siku nzima. Pasipo homa wala dalili nyingine mbaya, wengi hawazalishwi papo hapo, bali hulazwa na kuangaliwa ili mtoto aongezewe majuma tumboni.