Je, Wajua? Shule Ambazo Mwalimu Ndiye Anayeuliza

Mwanafunzi anaweza kukariri faida zote za misitu, akapata alama mia, na jioni akaingia porini na panga. Ndiyo maana elimu ya mazingira inayodumu haimwachi mtu akae na kusikiliza tu. Inampa kazi ya kuona, kujadili na kuamua mwenyewe. Hii hapa mifano mitano ya mbinu hiyo shirikishi.

Je, wajua kuwa shamba darasa lilizaliwa katika majaruba ya mpunga Indonesia?
Mdudu mdogo wa kahawia, mfyonza utomvu, alikuwa akimaliza mpunga. Kadiri dawa zilivyopigwa ndivyo alivyozidi, kwa kuwa dawa ziliua pia buibui wanaomla. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa za wadudu kwenye mpunga, na mwaka 1989 wakulima wakaanza kufundishana shambani. Watu wapatao 25 hukutana mara moja kwa wiki, msimu mzima. Asubuhi huingia jarubani kuhesabu wadudu kwenye mashina, kisha huketi kivulini na kuchora kwenye karatasi kubwa: mmea katikati, waharibifu upande huu, wadudu rafiki upande ule. Wakishauangalia mchoro ndipo huamua kama kuna haja ya kupiga dawa.

Mkulima akimleta mdudu na kuuliza, "Huyu ni nani?", mwezeshaji hakimbilii kumtajia jina. Humuuliza: umemkuta wapi, na alikuwa akifanya nini? Asiyeamini kuwa buibui ni rafiki humfungia na wale wafyonza utomvu ndani ya chandarua kilichofunika mche, kisha hurudi kuhesabu waliosalia. Miaka ya 1990 mbinu hii iliingia Afrika Mashariki, na jina la shamba darasa likawa la kawaida vijijini.

Je, wajua kuwa kipindi cha redio kiliwahi kuwatoa watu kwenda kuchimba vyoo?
Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Kwa wiki 12 walikusanyika kando ya redio, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadili malaria, kichocho na kuhara. Mazungumzo yaliishia kwenye kazi: kufukia madimbwi, kufyeka majani, kuchimba choo. Uamuzi ulikuwa wa kikundi chenyewe, kwa hiyo jembe halikusubiri amri ya mtu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na baadaye Misitu ni Mali.

Je, wajua kuwa jamii ya Waogiek iliujenga upya msitu wake wa Mau juu ya meza?
Ilikuwa Nessuit, Kenya, mwaka 2006. Vijana wa shule walikata maboksi na kuyapanga tabaka juu ya tabaka hadi vilima na mabonde yakajitokeza. Kisha wazee wakaja na pini, nyuzi na rangi, wakaonyesha mito na misitu kama walivyoikumbuka ya miaka ya 1920. Kila uzi uliopita bondeni ulikuwa na jina la mto, na kila jina lilikuwa na kisa chake. Kijana aliyesimama ng'ambo ya meza alipokea yote mawili.

Je, wajua kuwa kuna darasa Zanzibar linalofundishwa majini?
Matumbawe ya kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, yalitangazwa hifadhi mwaka 1994. Wanafunzi wa shule za visiwani hupelekwa huko, huvaa miwani ya kuogelea, na wasiojua kuogelea huvaa jaketi la kuokolea. Wengi wamekua wakiyaita matumbawe mawe tu. Akizamisha uso, mtoto huona samaki wakiingia na kutoka, na hujifunza kuwa "jiwe" lile limejengwa na wanyama wadogo walio hai. Akikua akawa mvuvi, atajua anatupa nanga juu ya nini.

Je, wajua kuwa Wangari Maathai alifundisha kwa mfano wa basi?
Vuguvugu lake la kupanda miti, Green Belt, lilianza Kenya mwaka 1977. Wanawake wa vijijini walikuza miche ndani ya vyungu vilivyovunjika na makopo, bila shahada ya misitu. Katika semina aliwaomba kwanza wataje shida zao: kuni, maji, njaa. Halafu akauliza zinatoka wapi. Wengi waliilaumu serikali. Hapo ndipo alipowaletea mfano wa msafiri aliyepanda basi lisiloelekea alikokwenda: ni nini kilimfanya akosee? Wakajibu wenyewe: hakuuliza, hakujua kusoma, alidanganywa, aliogopa. Kila jibu lilimrudisha msemaji kwenye shamba lake, kwenye mteremko alioufyeka na kijito kilichokauka. Baada ya semina, walirudi nyumbani kupanda miti.