Seven Turns: Jinsi ya Kusikiliza Albamu ya Marejeo

Ndugu msomaji, ukitaja roki hapa shuleni utaambiwa, "Wacha makelele!" Mimi nasema hebu tega sikio kwanza. Leo nataka nikuongoze katika albamu moja ya roki ya Kusini mwa Marekani, iitwayo Seven Turns. Ilitolewa mwaka wa 1990 na The Allman Brothers Band.

Bendi hiyo iliundwa mwaka wa 1969 mjini Jacksonville, Florida, kisha ikahamia Macon, Georgia. Walikuwa jamaa sita: ndugu wawili, Duane na Gregg Allman, pamoja na Dickey Betts, Berry Oakley, Butch Trucks na Jaimoe. Jaimoe alikuwa mweusi na wenzake watano wazungu. Katika majimbo ya Kusini siku zile, hilo halikuwa jambo dogo. Walichukua bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, wakauchanganya na jazi, roki na kantri.

Basi msiba ukaingia. Mnamo Oktoba 1971 Duane, kiongozi wao, alifariki katika ajali ya pikipiki pale Macon. Alikuwa na miaka 24 tu. Novemba 1972 Oakley naye akafa, tena kwa pikipiki, katika mji ule ule. Bendi ilijikokota, ikavunjika 1976, ikarudi 1978, ikavunjika tena 1982. Wengi wangesema la kuvunda halina ubani.

Lakini mwaka wa 1989 wale wanne waliosalia walirudiana. Wakawaongeza wageni: Warren Haynes kwenye gitaa, Allen Woody kwenye besi na Johnny Neel kwenye kinanda. Mtayarishaji akawa Tom Dowd, aliyekuwa ametengeneza rekodi zao kadhaa za zamani. Swali ni hili: je, bendi iliyofiwa na kiongozi wake yaweza kuwa ile ile? Jibu utalipata ukisikiliza mambo matatu.

Kwanza, magitaa mawili. Anza na "Good Clean Fun", wimbo wa kwanza. Betts na Haynes hawashindani. Mmoja hutangulia, mwenzake humfuata, kisha hupiga mahadhi mamoja kwa sauti mbili zinazopatana. Duane alisifika kwa kuteleza juu ya nyuzi akiwa amevaa kichupa cha dawa kidoleni. Haynes naye huteleza, lakini kwa lafudhi yake mwenyewe. Hajifanyi Duane, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Pili, ngoma. Sikiliza "True Gravity", ambao hauna maneno hata moja. Trucks husukuma mbele kama gari la moshi, naye Jaimoe hupambia kando kwa mtindo wa jazi. Usikimbilie gitaa; rudia wimbo mara ya pili ukifuata ngoma peke yake.

Tatu, sauti. Katika "Gambler's Roll", ambao huenda polepole, Gregg anaimba kwa sauti nzito ya mtu aliyeona mengi. Halafu kuna "Seven Turns" wenyewe, uliotungwa na Betts. Yeye ndiye anayeimba, na kuelekea mwisho sauti zinaanza kuitana na kuitikiana, Gregg akiwa mwitikiaji. Ukiusikia wimbo huo baada ya kujua yaliyowapata, utaelewa kwa nini kuitikiwa tu ni jambo kubwa.

Jibu langu ni kwamba bendi haikuwa ile ile, wala haikujidai kuwa hivyo. Wazee walimpa mgeni nafasi halisi, si kiti cha marehemu tu. Ndiyo maana walidumu hadi Oktoba 2014, walipopiga mara ya mwisho jijini New York. Trucks na Gregg walifariki 2017, Betts akafuata 2024, na kati ya wale sita akabaki Jaimoe.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Isikilize albamu hii, kisha uje tubishane!