Kushindwa Somo na Kukosa Mtihani

Kanuni za mitihani zinaporekebishwa, yatupasa kutenganisha mambo mawili. Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania, mwanafunzi aliyeshindwa somo hufanya mtihani wa marudio, na hata akifaulu vizuri sana hupewa daraja C tu. Aliyekosa mtihani kwa sababu ya ugonjwa au msiba hufanya mtihani maalumu, naye hupata daraja analostahili. Kanuni isiyowatofautisha hao wawili humwadhibu mfiwa kana kwamba alizembea. Walakini huruma isigeuke kuwa alama za bure: mtheolojia aliyepitishwa leo bila kujifunza, kesho atafundisha asichokijua, na usharika ndio utakaoumia. Basi kanuni iandikwe wazi, itangazwe kabla ya muhula kuanza, wala isibadilishwe katikati ya safari.