Fanani wa Kumuse na Maana ya Kazi Yake

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili wa miaka ya 1970 na 1980 ulishughulika sana na swali moja: msanii anamtungia nani, na kwa nini? Majibu mengi yalitolewa kwa kumtazama mwandishi, yaani mtu aketiye peke yake mbele ya karatasi. Webuye ni mahali pafaapo kuliuliza swali hilo upya. Mji huo, ambao zamani uliitwa Broderick Falls, ulijulikana kwa kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, kilichofungwa mwaka 2009. Lakini katika vijiji vinavyouzunguka, na kabla ya kiwanda hicho kufikiriwa, Wabukusu walikuwa na sanaa ya maneno isiyohitaji karatasi hata kidogo. Sanaa hiyo ni kumuse.

Kumuse ni hotuba itolewayo hadharani siku chache baada ya maziko ya mzee mwenye heshima, aliyeacha watoto na wajukuu. Mwenye kuitoa huitwa omuswala kumuse. Si kila marehemu hufanyiwa kumuse, wala si kila msemaji hodari huruhusiwa kuitoa. Fanani huyu ni mwanamume wa ukoo wenye karama hiyo; huvaa vazi la ngozi na kushika fimbo. Watu huketi nje wakiacha uwanja katikati, naye huenda na kurudi uwanjani humo akisema kwa muda mrefu, wala hakatizwi. (Wanawake, ambao ni waimbaji wakuu wa maombolezo, hawapewi uwanja huu, na jambo hilo lastahili uchunguzi wake lenyewe.)

Hotuba huanzia mbali. Husimulia asili ya kabila na safari ya mababu kutoka Misri, kama mapokeo yasemavyo, hadi Mlima Elgon. Humtaja Mwambu na mkewe Sela. Humtaja Mango, aliyemuua nyoka aliyewaangamiza watu na ambaye kwa ushujaa wake Wabukusu wakashika jando. Huwakumbuka watabiri kama Mutonyi wa Nabukelembe na Maina wa Nalukale, na vita vya Chetambe vya mwaka 1895, vilivyopiganwa dhidi ya majeshi ya Waingereza katika kilima kinachoitazama Webuye ya leo. Kisha historia hiyo yote huteremka polepole mpaka kwenye ukoo mmoja, boma moja na kaburi moja ambalo udongo wake haujakauka. Ndipo fanani anapowageukia walio hai na kuwaonya juu ya urithi, juu ya wajane na yatima, na juu ya ugomvi na shutuma ambazo kifo huzizua baina ya ndugu.

Hapa ndipo tofauti kubwa kati ya fanani huyu na mwandishi inapoonekana. Mwandishi huitafuta maana ya kazi yake, na pengine hukata tamaa asipoiona. Omuswala kumuse hachagui siku wala jambo la kusemea, kifo humchagulia. Hata karama yenyewe hakuiomba, bali imemjia kwa ukoo, na inaaminika kwamba anayeikataa hujiletea madhara. Kazi yake humjia kama deni. Hawezi kuuliza kama sanaa yake ina faida, kwa maana waliomwita wameketi mbele yake wakilia.

Itaonekana labda kwamba deni la namna hiyo humnyima mtunzi uhuru wake. Si kweli. Masimulizi ya asili ni yale yale, na hadhira inayajua. Utunzi umo katika kuchagua mahali pa kukawia. Penye wana wanaogombea shamba, fanani anaweza kukaa sana juu ya mababu waliohama na kugawana nchi, bila ya kumtaja mwana yeyote, na kila mwana akajisikia ametajwa. Okot p'Bitek, katika insha zilizochapishwa mwaka 1986, miaka minne baada ya kifo chake, alidai kwamba msanii ndiye mtawala wa kweli, kwa kuwa ndiye aundaye mawazo ambayo watu huishi kwayo. Dai hilo laweza kuonekana limetiwa chumvi mtu akifikiria riwaya isomwayo na wachache. Katika uwanja wa kumuse lina uzito mwingine.

Hata hivyo, sanaa hii haikuachwa kama ilivyokuwa. Jina la John Wanyonyi Manguliechi lilivuma mbali sana na maboma aliyoitwa kuyatuliza. Kumuse zimerekodiwa katika kanda, na wakubwa wa siasa nao hufa na kuombolezwa mbele ya vipaza sauti. Sifa na malipo si haramu kwa msanii. Shida ni kwamba msikilizaji wa kanda hana maiti. Yeye hupata historia na ufundi wa lugha, lakini lile onyo lililolengwa kwa ndugu wawili waliokuwa wameketi mbalimbali halimgusi, kwa sababu hakuwaona wakiketi hivyo. Kwa hiyo mkusanyaji wa kumuse hana budi kuandika, pamoja na maneno, ni nani aliyekufa, nani walihudhuria na kulikuwa na ugomvi gani bomani. Na kwa kuwa mengi ya hayo ni siri za watu, itambidi kwanza aombe ruhusa ya wafiwa.